Programu Yangu Inakula Kila Kitu

Jumapili. Mawingu tangu alfajiri, mvua haitaki kunyesha, na chumba hiki kina joto la jikoni. Siku ya nne sijatoka nje ya uzio wetu hapa Bagamoyo. Jirani akinisalimia naitikia dirishani kama mgonjwa.

Keshokutwa nasimama mbele ya walimu wa chuo na programu yangu ya kucheza sataranji. Ni mara ya pili. Nikifeli tena, sina chuo.

Sasa sikia ujinga wake. Ukiiwekea askari mdogo mbele ya malkia wake, inamla. Hata kama farasi wako anamlinda, inamla tu, na malkia anakwenda na maji. Nimekagua hesabu zote, nimeandika upya sehemu ya kupima thamani ya kete, wapi! Jana nililia kwa hasira.

Leo baba kaniletea chai, akasimama nyuma yangu akitazama. Baba ni bingwa wa drafti mtaani. Sataranji haijui hata kidogo. Programu ikampoteza malkia tena.

"Hapo imecheza sawasawa," akasema. "Kete inalika ile. Ingeiacha si kosa?"

Nikakiweka kikombe chini.

Drafti kanifundisha yeye, kwa vizibo vya soda, na kwenye drafti kula ni lazima. Nikatafuta kwenye programu. Kweli, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: kama kuna cha kula, mengine yasiangaliwe. Mwezi mzima nimekuwa naupita mstari ule, naona ni jambo la kawaida. Loh!

Nimeufuta. Imepata akili ghafla. Lakini sasa ina njia nyingi mno za kupima, hatua moja inachukua dakika tisa, na walimu wanataka dakika moja. Nikiipunguzia kufikiri, ujinga unarudi. Nimebanwa kotekote.

Na kuna jambo sijalisema. Wiki iliyopita nilimwambia baba imekamilika. Niliongopa. Naye anakuja chuoni: kanzu ya Idi ameshaipiga pasi, na barazani kawaambia wenzake wote kwamba binti yake ametengeneza mashine yenye akili kuwashinda.

Walimu wakinifelisha nitalia, yataisha. Lakini yeye lazima nimwambie leo, kabla hajaenda kuswali magharibi.

Namsikia uani anatawadha. Jamani, naanza na neno gani?