Kura ya Kusimama

Kambi ya Vibarua, Nangwa
8 Mei 1994

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Umfikishie Mama shikamoo yake na umwambie mbegu za maharage alizonipa zimeota vizuri, ila ng'ombe wa jirani wamekula nusu, na jirani anasema ng'ombe hajui mpaka. Mguu wako unaendeleaje? Sisi ni wazima kwa kiasi chake, yaani asubuhi tunaamka.

Anayenitesa moyo ni Imakulata. Kifua hakijapona tangu mvua za kwanza. Anakohoa mpaka macho yanatoka machozi, na ana miaka minne tu. Nilimpeleka zahanati ya shamba. Nesi akaniuliza, "Wewe ni wa kudumu?" Nikamwambia nina misimu mingi hapa, napalilia, nafukuza ndege, nashona magunia. Akasema, "Nimekuuliza kudumu, sijakuuliza misimu." Nikarudi na mtoto wangu mgongoni. Zahanati ya serikali walimpima vizuri, wakaandika dawa, wakasema nikanunue. Wapi, Baba? Na kwa pesa gani?

Sasa kuna neno jipya. Reginald, katibu wa tawi la wafanyakazi, anasema wakubwa wa shamba wamekubali vibarua tuingie kwenye matibabu kama wa kudumu, sisi na watoto wetu, mwaka mzima, hata msimu ukiisha. Sharti ni tukatwe kidogo kila tunapolipwa, ziingie kwenye mfuko wa matibabu, na wengi wetu tukubali kwa kura, wakati wa mavuno. Watu wamegawanyika. Wengine wanasema ni kodi ya kichwa imebadili nguo. Mama Tadei, tunayeshona naye magunia, anasema yeye haugui, kwa nini amlipie mgonjwa?

Mimi nauhitaji mfuko huu kama maji. Na tena ni mjamzito, miezi minne. Niwaambie nini watu hawa?

Mwanao,
Tekla

Tlawi
22 Mei 1994

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Mama yako naye anaitikia, na anasema jirani huyo mwenye ng'ombe afungiwe yeye zizini. Mguu ni ule ule, unanifikisha kanisani na kunirudisha, nikiuomba zaidi unagoma. Hongera kwa mimba. Usibebe mizigo.

Habari ya kura nimeisoma mara mbili. Huku nako kila siku anakuja mtu kuomba kura, maana siku hizi vyama ni vingi. Juzi mmoja alitugawia chumvi. Chumvi tumeila, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua mtu yule anataka nini. Mimi katekista siwapeleki watu kwa padri wabatizwe mpaka wameelewa wanachobatiziwa. Kwa nini kura iwe rahisi kuliko ubatizo?

Simama mkutanoni uombe mafunzo. Wafundishwe wote kwanza, kwa Kiswahili, Kiiraqw na Kidatoga, kila senti iende wapi na nani atatibiwa. Asiyesikiliza asipige kura. Mtu akielewa kitu, huchagua kilicho chema. Hilo nimeliona miaka yote ya ukatekista wangu.

Imakulata apakwe mafuta ya kondoo kifuani, na asikae karibu na moshi.

Baba yako,
Nikolausi

Kambi ya Vibarua, Nangwa
19 Juni 1994

Kwa Baba,

Shikamoo. Mafuta yamesaidia siku mbili tatu, kikohozi kikarudi. Mimi na tumbo langu hatujambo. Mama mkwe ananichunga kama yai, hata kuni haniachii nibebe.

Baba, nilisimama! Nikasema yote, na Reginald akanipigia makofi. Halafu akainuka Patriki, kibarua mwenzetu kutoka Singida anayemsaidia dereva wa mashine ya kuvuna. Akasema, "Nimepiga kura tangu nilipoota ndevu na hakuna aliyenipa mtihani. Leo nataka kumtibu mwanangu ndipo mnaniuliza kama nina akili?" Watu wakacheka, lakini si wote. Reginald akajibu kwamba kibarua asiyeelewa hununuliwa kwa pombe. Wakabishana mpaka jua likaanza kushuka. Mwishoni tulipatana hivi: mafunzo yawepo kwa wote, lakini asizuiwe mtu kupiga kura. Pole Baba, umepata nusu.

Mafunzo tumefanya kwenye banda la matrekta kila jioni baada ya kazi. Waliokuja ni wengi kuliko wa kanisani kwako, usikasirike. Mama Tadei ndiye aliyeuliza maswali kuliko wote. Jana aliniambia, "Kumbe leo namlipia mgonjwa, kesho mgonjwa ananilipia mimi. Mbona hawakusema hivyo tangu mwanzo?" Amehamia upande wetu, na ndugu zake wote.

Kura itakuwa ya kusimama, hakuna karatasi. Itafungwa kamba katikati ya uwanja, wanaokubali wasimame upande wa banda, wanaokataa upande wa mizani. Tutashinda, Baba. Kwa mara ya kwanza nalala bila kuwaza.

Mwanao,
Tekla

Tlawi
17 Julai 1994

Mwanangu Tekla,

Hujambo? Imakulata hajambo? Basili wa basi la Katesh, anayetuletea barua zako, amepita mara nyingi mikono mitupu. Nilimuuliza kama amekuona, akasema hapana, akajifanya ana haraka. Basili hajawahi kuwa na haraka maishani mwake.

Kama mmevuna na umechoka, andika mstari mmoja tu. Mama yako hata chakula hali vizuri.

Baba yako,
Nikolausi

Nyumbani kwa mama mkwe, Nangwa
24 Julai 1994

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimba imetoka.

Ilikuwa siku ya pili ya mavuno. Nilikuwa nashona magunia nikasikia mgongo unakatika. Wakanibeba kwenye tela mpaka zahanati ya shamba, na mlangoni swali likawa lile lile. Baba Imakulata akapiga kelele mpaka akapoteza sauti. Wakanipa kidonge cha maumivu kwa huruma, wakasema wamejitahidi. Yaliyobaki yalitokea njiani, huku tela linarushwa na mawe.

Sasa niko kwenye mwiko. Mama mkwe ni mtu wa mila, na hapa karibu wote ni Wairaqw kama sisi, hata wanaokwenda misa. Mimba ikitoka, mama hachangamani na watu mpaka mwaka ugeuke. Sichoti maji wanakochota wengine, sipeani moto na mtu, sipiti kwenye boma la mtu, maana wanasema nitaharibu uzazi wa wengine na ng'ombe wao. Baba Imakulata naye hakaribishwi kunywa popote. Chakula mama mkwe anakiweka mlangoni. Si mbaya, Baba. Analia akikiweka.

Basili alikuwa anajua, ndiyo maana alikimbia. Barua hii ameichukua Patriki. Yeye ni Mnyaturu, anasema mwiko wetu haumhusu. Anaingia, anakaa, anakunywa chai yangu. Ni mtu mmoja tu anayeingia.

Kura ni Jumamosi, tarehe sita Agosti. Sitakuwepo.

Mwanao,
Tekla

Tlawi
29 Julai 1994

Mwanangu mpendwa,

Pole. Pole sana mwanangu. Mama yako amelia tangu jana na mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia nisionekane.

Lakini sikiliza. Hukufanya dhambi. Umeumwa, na umekosa kutibiwa, basi. Umebatizwa, ubatizo hauna kutengwa. Wewe ndiye uliyeomba mafunzo yale. Nani ana haki ya kusimama kwenye uwanja ule kukuzidi? Kama mfuko ule ungekuwepo mwezi uliopita, leo nisingekuandikia pole. Nenda ukasimame upande wa banda wakuone. Watu wale wamefundishwa, wana akili zao, si wale wa zamani.

Mama yako anasema nisikutume. Nimemwambia dini ni dini. Nenda, Tekla. Mimi baba yako nimesema.

Baba yako,
Nikolausi

Nyumbani kwa mama mkwe, Nangwa
14 Agosti 1994

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Imakulata homa imempanda tena. Niliona nimalize habari za afya kwanza, maana yanayofuata ni marefu.

Nilikwenda. Nilimsubiri mama mkwe aende kuteka maji nikatoka. Nilifika kamba imeshafungwa na watu wameshajipanga. Baba, ungeona! Upande wa banda walijaa mpaka wanabanana, upande wa mizani walikuwa wachache tu. Moyo ulinijaa. Nilijifunika kanga nikaenda mkiani, nikasimama.

Mbele yangu alikuwa Mama Tadei. Aligeuka akaniona. Binti yake ana mimba changa, alikuwa amemshika mkono. Alinitazama kwa huruma kabisa, Baba, akaniambia pole taratibu, kisha akamvuta binti yake wakasogea. Waliokuwa mbele yao wakageuka nao wakasogea. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenifukuza. Walikuwa wananipisha. Nyuma kuna ukuta wa banda, kushoto magunia, pa kwenda ni kwenye kamba tu. Wakainama wakapita chini yake mmoja mmoja, mama na watoto, wanaume na fimbo zao, wakatokea upande wa mizani.

Mimi nilipoelewa nilikimbia nikatoka uwanjani. Lakini njia ya kutokea ilikuwa hapo hapo walipokuwa wanasogea kunipisha, nikawatawanya zaidi. Upande wa banda akabaki Patriki na wageni wa Singida na Kondoa, na mzee mmoja kiziwi.

Reginald akahesabu. Watu wakampigia kelele, "Hatukuhama sisi, tumempisha mwenye msiba!" Akasema, "Kura ni pale uliposimama." Akaenda kuwaambia wakubwa kwamba vibarua wameukataa mfuko.

Na wote walikuwa wameelewa, Baba. Hakuna aliyekosa mafunzo. Ungewauliza pale pale chini ya kamba wangekueleza mfuko wote mpaka senti ya mwisho.

Mama mkwe amesema mwiko wangu unaanza upya kuhesabiwa. Hakunipiga wala hakusema kwa hasira. Usiniandikie tena niwe jasiri. Niandikie habari za ng'ombe.

Mwanao,
Tekla

Tlawi
28 Agosti 1994

Mwanangu Tekla,

Hujambo mwanangu. Homa ya Imakulata imeshuka? Sisi tupo.

Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Yule mwenye pembe iliyovunjika hana maziwa. Nyasi zimekauka mapema, tunapeleka ng'ombe mbali.

Nimekaa na barua yako nikitafuta la kusema. Nilitaka kuwaita watu wa Nangwa wajinga, nikaliandika, nikalifuta. Jana kwenye mafundisho ya kipaimara niliwauliza vijana kama wangesimama karibu na mama aliyetokwa na mimba. Wakatazama chini wote. Vijana wangu mwenyewe, Tekla, wanaoijua Imani yote kwa moyo. Nimechoka. Sijui nilikuwa nafundisha nini miaka hii.

Mlete Imakulata, nitampeleka mwenyewe hospitali Mbulu, nitauza dume yule. Mpe Patriki amfikishe kwa Basili. Nawe natamani uje nyumbani. Nimemwambia Mama yako. Anasema uje, anakupenda, ila umalize mwiko kwanza. Nimegombana naye, na leo hatusemeshani. Nimeona nikuambie ukweli kuliko ukafika mlangoni ukaukuta.

Baba yako,
Nikolausi

Nyumbani kwa mama mkwe, Nangwa
18 Septemba 1994

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Mwambie Mama shikamoo na umsemeshe, usimnunie kwa ajili yangu. Barua ya hospitali nimeipata. Nimefurahi kwamba Imakulata anakula, na kwamba daktari anasema dawa ni za muda mrefu lakini atapona akizimaliza. Kuzimaliza ndiyo kazi. Najua huna madume wengine.

Nina habari. Watu walikwenda kwa wakubwa wa shamba bila Reginald, Mama Tadei mbele, wakasema kura ile haikuwa kura. Wamekubaliwa. Itarudiwa Jumamosi ijayo, uwanja ule ule, kusimama vile vile, maana karatasi wengi hawazitaki. Msimu umekwisha, ila walioshona na kupalilia mwaka huu wote wanahesabiwa.

Patriki alikuja jana jioni kuniambia. Aliingia kama kawaida, akakaa kwenye kigoda, nikampa chai. Hakunywa. Alizungusha kikombe mkononi, akauliza habari za Imakulata, akauliza habari za maharage. Nikamwambia, "Patriki, sema kilichokuleta." Akasema wenzake wamemtuma yeye kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kuingia humu. Wanasema wote watasimama upande wa banda, wameapa. Wananiomba kitu kimoja tu, nisije.

Alishindwa kunitazama. Akasema kama nataka kuja yeye atasimama nami, na Wasingida wote, liwalo na liwe.

Nikamwambia awaambie sitakuja. Nitafunga mlango tangu asubuhi, wala uani sitatoka, mtu asije akaniona kwa mbali akasogea. Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.

Alipofika mlangoni aliuliza kama nina neno la kuwapelekea. Nikasema, awaambie wanawake wenye mimba wasimame mbele, wahesabiwe kwanza, wawahi kukaa.

Mwanao,
Tekla