Msichana wa Gauni Jekundu, Dirma

Dada Monika, shikamoo.

Nakuandikia nimesimama, maana safari hii siwezi kutulia. Upepo wa Hanang unarusha vumbi la mashamba ya ngano mpaka ndani ya chai, na mimi nazunguka na malori ya shamba nikiulizia vitabu vya zamani vya upelelezi. Kila ninapofika naambiwa viliishia kuwashia moto.

Leo, hapa Dirma, nimeingia kwa Mama Paskalina anayeuza chai, nikakuona ukutani. Ni lile jalada la kitabu ambalo jirani yetu alikuchora ukiwa msichana, gauni jekundu na bastola imekuelekea. Kumbe kitabu kilitoka kweli! Kalibandika kwa uji karibu na meko, limeshika moshi, lakini macho ni yako. Nikamwomba anibandulie.

"Hapana," akasema. "Huyo tumeishi naye miaka."

Nikamwambia ni dada yangu wa tumbo moja. Akaacha kukanda unga, akanitazama, akatazama ukuta.

"Kitabu kilinifikia kimechanika mwishoni," akasema polepole. "Kwa hiyo hakupigwa risasi?"

"Hakupigwa, mama. Yuko Morogoro, anafundisha, ana watoto watatu."

Akakaa kwenye benchi, akajifuta macho kwa khanga. "Mungu ashukuriwe."

Jalada nimemwachia. Kesho nadandia lori la kwenda Getanuwas nikatafute nakala nzima, maana sasa na mimi nautaka mwisho wake. Wakumbatie wapwa zangu, na ujilinde.

Mdogo wako,
Elia