Shibiri Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo mkono wangu umepigwa muhuri! Sikutanii, daftari. Muhuri wa ofisi ya hifadhi, wa bluu, mviringo.

Ilikuwa hivi. Afisa alikuwa anatusomea sheria za matumizi ya ardhioevu — sisi tunasema bwawani tu, yeye anasema ardhioevu mpaka ulimi unachoka. Akafika sheria ya tano: matete yakatwe shibiri moja juu ya maji. Sentensi hiyo ni yangu, nilibishania mwaka mzima. Akanyanyua macho akauliza, shibiri ya nani?

Vicheko. Maana fundi wa paa ana kiganja kama mfuniko wa sufuria, na wifi yangu ana vidole vya mtoto wa chekechea. Wote wakasema, ya mwenyekiti! Nikalaza mkono mezani, afisa akauzungushia kalamu kwenye karatasi, kisha akaupiga muhuri mchoro huo. Kidole gumba mpaka kidole cha mwisho: sentimita ishirini na moja. Imeingia kwenye sheria.

Wifi kanibatiza jina papo hapo. Mama Shibiri. Baba watoto nyumbani kacheka mpaka kakohoa. Wacheke. Nani mwingine hapa mkono wake ni sheria?

Jumatano, 5 Juni

Nimepita kitalu changu, namba kumi na moja. Matete yamenizidi urefu mara mbili! Nilisimama katikati kama mjinga, natabasamu peke yangu.

Miaka mitatu nyuma palikuwa upara. Tulikuwa tunakata mpaka chini ya maji ili tupate tete refu. Tete lina uwazi ndani. Ukilikata chini ya maji, maji yanaingia, mzizi unakosa pumzi, unaoza. Tuliua bwawa kwa miundu yetu wenyewe, halafu tukashangaa ndege wameenda wapi na maji yamekuwa matope kwa nini. Ofisi ikalifunga bwawa. Ni mimi niliyewafuata pale ofisini na mabuti yangu ya mpira, nikawaambia, tugawieni vitalu kumi na mbili, familia kumi na mbili, tutavilinda sisi. Wakanitazama kama nimeomba mwezi.

Sasa msimu wa kwanza wa kukata. Wa majaribio. Tukivunja sheria zetu wenyewe ofisi inachukua bwawa lote, na safari hii hawarudishi. Ndiyo maana niliandika ile adhabu: atakayezamisha visiki, kitalu kinafungwa misimu miwili. Watu waliguna. Nikasema, gunieni nje.

Jumapili, 9 Juni

Nimegawa vijiti kumi na mbili, kimoja kwa kila familia, ya wifi ikiwemo, kila kimoja urefu wa shibiri yangu. Mazoezi ya kukata.

Yule mama wa kitalu cha saba, tunayemwita Bi Kimya kwa sababu hata salamu yake ni ya kunong'ona, alikata visiki vitatu vifupi. Vitatu tu! Nikamrudisha nyumbani siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Alifunga mundu kwenye kitenge akaenda. Wifi akaninong'oneza kwamba nina roho ngumu. Sawa, ninayo. Jioni roho iliniuma kidogo, lakini sikumfuata.

Jumanne, 11 Juni

Kesho nasafiri kwenda makao makuu ya hifadhi, siku ile ile wenzangu wanapoanza kukata. Watu wa mabwawa mengine wanataka kusikia tumefanyaje. Mimi! Darasa la saba! Baba watoto mguu wake bado unamsumbua, wifi atakuja kupika. Nimepiga pasi gauni la harusi ya mdogo wangu. Linabana. Litanyooka likiona watu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimezungumza dakika arobaini. Walinipa kumi!

Mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza, je, mkubwa akikosea? Nikamjibu bila kumeza mate: kwetu hakuna mkubwa, kuna visiki. Walipiga makofi. Nimelijibu vizuri sana, jibu hilo nimelirudia kichwani mpaka nyumba ya wageni.

Mvua kubwa imenyesha huko nyumbani usiku wa jana, baba watoto kasema kwenye simu.

Ijumaa, 14 Juni

Afadhali nisingerudi.

Nimeingia uani, nakuta matita ya matete yameegemezwa ukutani, manene, yamefungwa vizuri. Wifi kasimama pembeni, mikono nyuma, uso unang'aa. Sapraizi! Juzi nzima alinikatia, peke yake, ili nisibaki nyuma ya wenzangu. Mikono yake ina malengelenge.

Nikamkumbatia. Kweli nilimkumbatia. Halafu nikauliza kijiti chake kiko wapi. Kilipotea, kasema, lakini usijali wifi, nilipima kwa shibiri.

Shibiri ya nani?

Akatazama mkono wake.

Sikuvua hata gauni. Bwawani, maji yamepanda kwa mvua. Vitalu vya wenzangu visiki vimetokeza, vidole viwili vitatu juu ya maji, vinapumua. Changu: maji matupu. Nusu ya kitalu. Nimeingiza mkono, nikavigusa huko chini, kimoja kimoja. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, niseme ukweli. Nilirudi nikamfokea wifi mpaka sauti ikakauka, naye anasugua tu yale malengelenge.

Baba watoto kasema, nyie si mvua hiyo? Semeni maji yamepanda. Ni kweli yamepanda. Ndiyo ubaya wake, ni kweli!

Kesho ukaguzi.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa hapa kikaoni, wanadhani naandika kumbukumbu. Katibu ana zake.

Asubuhi nilimwambia afisa tuanze na kumi na moja. Nikaingia mwenyewe na mabuti, nikazamisha mkono mbele ya wote mpaka kwenye kiwiko. Nikasema: hapa kuna visiki. Mnaviona? Basi.

Fundi wa paa akawa wa kwanza kunitetea. Ni mvua, mwenyekiti hakuwepo hata, tusamehe. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Afisa naye anageuza geuza kalamu, naona anataka yapite. Na mimi — acha niandike ukweli, hakuna anayesoma — nilitaka yapite. Nilikaa kimya. Mimi!

Ndipo Bi Kimya akasimama. Sauti ile ile ya kunong'ona, watu wote wakainama kumsikia. Mimi vyangu vilikuwa vitatu, kasema. Nikarudi nyumbani, na mwenyekiti alifanya vizuri, kitalu changu leo kinapumua. Cha kwake kifungwe. Misimu miwili.

Akaketi.

Uso uliniwaka moto. Misimu miwili bila kitalu, na uenyekiti ndio umekwenda, maana asiye na kitalu haongozi. Nilitaka kumrukia! Na papo hapo kifua kikanijaa, nikajikuta nawaza: huyu nimemfundisha mimi. Hatutawahi kunyang'anywa bwawa hili, huyu akiwepo. Machozi yanataka kunitoka na si mahali pake.

Afisa kasema tupige kura. Mimi sipigi, ni kesi yangu. Wamebaki kumi na mmoja. Nimewaambia kwa kinywa changu: wanaosema kifungwe, wanyooshe.

Watano wamenyoosha. Watano wamekunja mikono, fundi wa paa kaikunja kwa nguvu kabisa.

Amebaki wifi. Mikono yake iko mapajani, vitambaa vimezunguka viganja. Ananitazama mimi. Bwawa zima linamtazama yeye.

Namwambia kwa macho, nyoosha. Anatikisa kichwa. Yule mjinga anadhani ananiokoa! Nyoosha, wifi. Nyoosha mkono wako huo mdogo —