Majani ya Sungura wa Madame

Jumatatu, 6 Julai 1964

Mwaka wa pili umepita tangu nitoke Kasongo. Niko Musienene, huku juu kwenye baridi. Leo tena nimekata majani ya sungura.

Niandike vizuri nisijidanganye. Nililetwa hapa kutengeneza barabara ya Serikali. Nilipewa chepeo na sururu. Sasa kila asubuhi wenzangu wanakwenda barabarani, mimi napewa gunia na mundu. Mkuu wa kituo chetu cha kilimo, Bwana Agronomu, mtu wa upande wa Leopoldville, ana mke. Mke ana sungura. Sungura hao hawaliwi. Wana majina. Dume kubwa la kijivu linaitwa Ministri. Jike jeupe ni Fifi. Wengine ni wadogo, sijali majina yao.

Mzungu aliyekaa katika nyumba ile kabla ya Uhuru alikuwa na mbwa. Mbwa alijitafutia.

Madame hataki majani mabichi yenye umande. Anasema tumbo la sungura litavimba. Ni kweli, nimeliona tumbo hilo. Basi nakata, nabeba, natandaza juu ya mabati nyuma ya nyumba yangu kambini, nayaacha yanyauke, ndipo napeleka. Mtu mzima, nimekaa nageuza majani kama mwanamke anayeanika mihogo.

Bwana ameahidi: mvua ikianza nitapata ruhusa, pamoja na karatasi yake ya kupita njiani. Natazamia kufika nyumbani kabla ya kupanda mpunga.

Alhamisi, 9 Julai

Kiangazi kimekausha kilima chote. Lengalenga, mchicha wa huku, imekwisha. Yale majani ambayo mbegu zake zinashika suruali yamebaki mbegu tu. Nikashuka bondeni karibu na maji. Kuna shamba limelazwa lipumzike, limejaa kila kitu. Yale laini yanayotambaa na maua ya buluu. Yale yanayotoa maziwa ukivunja shina, ambayo Ministri anayapenda kuliko yote. Nikajaza gunia.

Kumbe shamba lina mwenyewe. Anaitwa Mama Kahindo, Mnande, mwenye sauti ya kuvuka mto. Desturi ya hapa si ya kwetu. Kwetu kinachoota bila kupandwa ni cha Mungu. Hapa hata magugu ya shamba lililolazwa ni ya mwenye shamba, unaomba kwanza.

«Weye mutu ya Kasongo, kwenu munaingiaka kwa batu bila kubisha?»

«Ni majani tu, mama.»

«Majani tu. Basi kula, nione.»

Akafunua gunia. Chini akakuta matembele yake, majani ya viazi vya tuta la pembeni. Si mengi. Aliyainua juu ili bonde lote lione. Kisha akanipa jembe. Nimelima maharagwe yake mpaka jua likapita kichwani. Mgongo unauma. Aliponiachilia akasema nirudi tu, lakini nianze kulima ndipo nikate.

Kwa hiyo sasa nafanya kazi kwa watu wawili kwa ajili ya wanyama wasioliwa. Nimekasirika hata siwezi kulala vizuri.

Jumapili, 12 Julai

Misa. Baadaye wenzangu wa barabara walinikalia kikao. Wananiita Boyi wa Ministri, yaani mtumishi wake. Kapita, msimamizi wetu, akauliza kama Ministri amenipandisha cheo. Nilicheka. Sikupenda.

Dereva mmoja aliyetoka Bukavu ameniletea maneno ya nyumbani. Wakwe zangu wamechoka. Wanasema mume asiyeonekana ni sawa na marehemu, tofauti ni kwamba huyu hajaliliwa. Mpunga ukipandwa kabla sijafika, watamrudisha mke wangu Zaina kwao na kumpa mtu mwingine. Ndivyo walivyosema mbele ya wazee, na wakisema mbele ya wazee hawarudi nyuma.

Siwalaumu sana. Namlaumu aliyenishika hapa na gunia.

Jumatano, 15 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Agronomu. Nilisimama barazani na kofia mkononi. Nikamweleza habari ya Zaina yote, nikaona aibu. Alisikiliza huku akijinyoa. Akasema, «Mais, lakini Amisi, nani atakata majani? Fifi ana mimba. Ngoja azae.»

Mke wangu angoje sungura azae.

Madame alikuwa mlangoni, alisikia. Jioni aliniletea mkate na sukari. Niliupokea kwa sababu nilikuwa na njaa. Hasira haikutoka.

Makarani wanasema waasi wanakuja, wanasema mji huu umeanguka na mji ule umeanguka. Wanasema waasi wanapakwa dawa ya majani na risasi zikiwagusa zinageuka maji. Makarani wamesoma kuliko mimi na wanaamini. Usiku wanafunga milango mapema.

Jumatatu, 20 Julai

Askari wamefika. Wameweka gogo barabarani chini ya kituo. Ndiyo bariyeri. Wanatoka mbali, Kiswahili chao ni cha kuokota, kati yao wanasema Lingala. Kaporali wao ni mwembamba, ana miwani ya jua, hata jioni haivui.

Wanapekua kila mtu. Wanawake wa soko wanamwaga viazi na kuviokota tena. Mimi napita hapo kila siku nikienda bondeni na kurudi. Leo kaporali alitia mkono katika gunia, akatoa majani, akanusa. Akauliza ninatoka wapi. Nikasema Kasongo. Aliwatazama wenzake. Akaniachia nipite.

Sikulipenda jicho lile, ingawa sikuliona.

Nimemwomba Bwana anipe wiki moja nirudi barabarani pamoja na wenzangu, mpaka askari wanizoee. Amekataa. Madame ana wasiwasi juu ya Fifi.

Ijumaa, 24 Julai

Niko hai. Niandike sasa, kabla watu hawajaanza kuisimulia kwa njia yao.

Jumatano asubuhi nilitoka bondeni. Nilikuwa nimelima, nimeomba, nimekata, kila kitu kwa haki. Kwenye bariyeri kaporali akasema, «Yaka awa,» yaani njoo hapa. Akamwaga gunia chini.

«Oyo nkisi,» akasema. Hii dawa.

Nikasema ni chakula cha sungura. Walicheka. Askari wengine walikuwa wamekwenda kambini, wakarudi wakisema wamekuta majani mengine yametandazwa juu ya mabati nyuma ya nyumba yangu, yanageuzwa na kukaushwa. Nani anakausha majani ya sungura? Sungura anakula mabichi, kila mtu anajua. Anayekausha majani ni mganga. Na mganga wa Kasongo, upande ule ule wanakotoka waasi. Ukiwa askari mwenye hofu, umekwisha pata jibu.

Walinifunga mikono. Waliniambia nile. Nilikula kila aina iliyokuwa katika gunia, nimepiga magoti, mmoja akinishikia mdomoni kama ninavyomshikia Ministri. Yale yenye maziwa ni machungu sana. Yale ya maua ya buluu hayana ladha. Walinitazama kama nitageuka kitu.

Nikasema mwiteni Bwana Agronomu, yeye ndiye aliyenituma.

Alikuja na shati lake jeupe. Nilifurahi kumwona kuliko nilivyowahi kufurahi kumwona mtu. Kaporali akamwuliza kama ni yeye anayenituma majani. Bwana alitazama gunia, akatazama bunduki, akajua kwamba mtu wa Serikali hana ruhusa ya kumtuma mfanyakazi wa barabara kulisha wanyama wa mke wake. Akasema, «Huyu ni mutu ya barabara. Habari ya majani sijue.»

Akarudi nyumbani. Alitembea polepole ili isionekane anakimbia.

Niandike jambo hili mara moja tu. Alinikana mbele ya bunduki kwa ajili ya sungura wake mwenyewe.

Walinilaza katika ghala la mbegu. Asubuhi, jana, walinitoa nje. Wakaniambia nisimame mbali kidogo, karibu na mteremko. Nilielewa. Sikusali. Nilimfikiria Zaina akiwa na jembe, na jinsi ambavyo hata hatajua amlilie nani.

Ndipo nikasikia sauti ile ya kuvuka mto. Mama Kahindo alikuwa anapanda na kikapu chake, anakwenda sokoni. Hakunisalimu. Alisimama kati yangu na kaporali, mikono kiunoni.

«Munamupeleka wapi mwizi yangu?»

Kaporali akamwambia mimi ni mulozi, mchawi wa waasi.

«Mulozi? Huyu? Mulozi gani anakamatwa mu matembele na mwanamuke? Minamulimishaka maharagwe kila siku. Mwende muone matuta. Hata kulima hajue muzuri.»

Askari mmoja alicheka. Kaporali akasema majani haya ni dawa ya risasi, amekausha mwenyewe.

«Muzuri,» akasema Mama Kahindo. «Kama iko dawa, sungura ya Madame imekula dawa muda murefu. Risasi haiingie. Mwende mupige, tuone.»

Alisema kwa kumcheka. Najua, kwa sababu alikuwa amekwisha geuka kuchukua kikapu. Lakini kaporali hakucheka. Aliona ni neno la akili. Tukapanda wote, mimi nimefungwa, Mama Kahindo nyuma, na soko zima nyuma yake, mpaka nyumba ya Bwana.

Walimtoa Ministri bandani. Hakukataa. Amezoea kubebwa. Wakamweka katika nyasi, na kwa kuwa nilikuwa karibu, tena nguo zangu zilinukia majani, alikuja kwangu. Akakaa juu ya mguu wangu. Kaporali akanivuta pembeni.

Risasi iliingia.

Kisha kaporali akasema, kama mwalimu, kwamba basi majani ni majani. Akanifungua yeye mwenyewe. Bwana alikuwa nyuma ya pazia la dirisha, niliona viatu vyake. Madame alitoka, akakaa chini barazani, hakulia kwa sauti. Mama Kahindo alitazama nyasi, akasema neno la Kinande nisilolijua, akaenda sokoni.

Askari walimpika Ministri mchana. Waliniita nile. Sikuenda.

Niliwahi kusema mara nyingi kwamba siku moja nitamla. Sasa nina hasira kwa ajili yake. Alikula alichopewa. Hakumkana mtu.

Jumanne, 28 Julai

Bwana Agronomu ameondoka. Amepakia magodoro, redio, viti. Wanakwenda Goma, wanasema kwa wiki moja. Mtu wa wiki moja habebi viti.

Aliniita kwenye dirisha la gari. «Amisi, chunga sungura. Nikirudi tutatengeneza karatasi yako.»

Nikamwambia, «Bwana, Jumatano hukunijua. Leo unanijua?»

Sijawahi kusema hivyo kwa mkubwa. Alipandisha kioo. Kapita alikuwa nyuma yangu na hakunikemea.

Madame alishusha kioo cha upande wake. Alisema Fifi yuko karibu, nisimpe majani yenye maji. Hayo tu ndiyo aliyoniachia. Karatasi hapana, pole hapana. Nimekaa nayo siku nzima.

Bila karatasi sipiti bariyeri hata moja mpaka Bukavu. Na mpunga hauningoji.

Jumamosi, 1 Agosti

Nilikuwa nimeapa sitakata tena jani. Siku ya kwanza sungura walipiga miguu bandani. Siku ya pili walinyamaza. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikachukua gunia.

Fifi amezaa. Amejing'oa manyoya ya tumbo akawatandikia. Wanafanana na vidole.

Kapita na wenzangu walikuja na sufuria. Bwana hayupo, nyama ni ya kambi. Wana haki, mishahara haijaja na kila siku ni bugali na sombe, majani ya muhogo. Niliwapa wale wengine wote. Nilisimama mbele ya Fifi. Waliniita Boyi wa Ministri tena. Nikasema ndiyo, ni mimi. Walichukua walichochukua, wakaenda.

Jioni nilimbeba Fifi na watoto wake katika gunia, nikashuka bondeni. Mama Kahindo alichungulia ndani.

«Ni cha nini hiki?»

«Cha matembele.»

«Ulishalima hayo.» Alimpima Fifi kwa mkono, uzito wake. «Minamupokea. Lakini kwangu hana jina. Akizaa tena, Noeli tutaona.»

Nikasema sawa. Nikamwonyesha maua ya buluu, na jinsi ya kunyausha. Akasema anajua, yeye si mtoto.

Kisha akauliza ninaenda lini. Nikamweleza: sina karatasi. Alinitazama kama siku ile ya gunia la kwanza. Akasema ndugu yake ana kamyo, lori la kupeleka maharagwe Goma. Jumanne inapita Musienene. Nitakaa juu ya magunia kama mpakizi wake.

«Na bariyeri?»

«Kaporali anakujua. Nitamwambia ninamupeleka mwizi yangu kulima mbali.»

Jumatatu, 3 Agosti

Asubuhi nimeshuka bondeni. Hakuna aliyenituma. Nilimaliza tuta lililobaki, ndipo nikakata. Mama Kahindo hakutoka kunipigia kelele.

Majani nimeyatandaza kwake, juu ya mkeka. Jua lilikuwa zuri. Kufikia mchana yalikuwa yamelegea. Fifi alikula yale ya maziwa kwanza.

Mundu nimemrudishia kapita. Gunia nimelichukua, ni langu sasa, ndilo mzigo wangu. Kaporali alinipungia mkono nilipopita. Sikumpungia, lakini sikutazama chini.

Barua sijaandika nyumbani. Hakuna wa kuipeleka. Kuanzia Bukavu wanasema njia imefungwa, magari hayapiti. Nitakwenda kwa miguu.

Natazamia kufika wakati wa kupanda mpunga. Nikikuta umekwisha kupandwa, nitapalilia.