Sarafu Zilizooshwa kwa Ndimu na Majivu

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwako Yaya Albertine, dada yangu mkubwa mheshimiwa,

Nakupigia magoti kwa moyo, kwa kuwa magoti ya mwili hayakunjiki tena kama zamani. Nakusalimu kwa jina la Yezu, na kwa jina la mama yetu aliyetuachia wewe uwe mama mahali pake. Je, u hali gani? Miguu yako iliyokuwa ikivimba wakati wa joto imepungua? Bado unashuka mwenyewe ziwani kuchagua samaki wa ndakala, au sasa unawatuma wajukuu na kuwagombeza wanapoleta wadogo? Mimi, namshukuru Mungu, ni mzima kwa kadiri ya mzee. Macho yananitii asubuhi, yananiasi jioni.

Niwie radhi, Yaya. Barua yako uliyonisihi nirudi Kalemie tuzeeke pamoja nimeiacha bila jibu tangu kabla ya mvua, na sasa mahindi ya uani yameshakomaa. Sina kisingizio. Sikuugua muda wote huo, wala wasafiri wa kubeba barua hawakukosekana. Ila ndani ya jibu langu mlikuwa na ombi, na kila nilipolifikia kalamu ilisimama. Kwenye simu nisingethubutu, maana simu hukatika mahali pabaya, na mambo ya ukwe hayafai kukatwa katikati. Heri niliseme mapema, usisome ukihangaika: nakuomba uende kwa shemeji Faustin, kaka wa marehemu Pauline, umwombe yeye na ukoo wake waniondolee matanga. Na sababu, kwa kuwa najua utaiuliza, ni mama mmoja aitwaye Régine. Nimekwisha kulisema. Sasa tafadhali nisikilize taratibu, halafu uamue kama mkubwa wangu.

Habari za mji ni zilezile. Umeme hutujia kama mgeni asiyependa kulala. Malori yanayotoka mgodi wa Kinsevere yanatuletea vumbi hadi ndani ya sahani. Mwanangu Placide yuko Kolwezi, hunipigia kila Jumamosi na kuniuliza nimekula nini. Namwambia nimekula vizuri, hata siku ambazo chakula kilikuwa chai.

Ulishangaa uliposikia kwamba nakusanya sarafu kuukuu. Ulisema, nakumbuka, “Pesa isiyonunua chumvi ni pesa gani?” Swali lako ni la haki. Nilianza baada ya kumzika Pauline, nilipokuta ndani ya kikapu chake cha ushonaji sarafu moja ya Wabelgiji, ile yenye tundu katikati. Sikujua aliihifadhi kwa nini. Niliitembeza mfukoni siku nyingi, hadi mwenzangu mmoja wa parokia akanipeleka kwenye baraza la Papa Ilunga, ambako wazee wachache hukutana kila Jumapili kuonyeshana sarafu zao. Nilikwenda kwa sababu ya ukimya wa nyumba. Nilibaki kwa sababu ya watu.

Nilidhani wakusanyaji wote ni wa aina moja. Nilikosea. Papa Ilunga mwenyewe alikuwa mtunza ghala mgodini, na ghala halijamtoka rohoni. Yeye hutaka miaka yote ya sarafu moja isimame katika mstari bila pengo. Mwaka ukikosekana humuuma kama jino lililong'olewa. Kila sarafu ameilaza katika kijaluba cha plastiki, huishika kwa glavu nyeupe za pamba, na ukitaka kucheka mbele yake sharti ugeuze uso, mate yasiruke.

Papa Tshibangu, ambaye babu yake alitoka Kasai na ambaye anauza vipuri vya baiskeli sokoni, humcheka waziwazi. Kwake sarafu ni mpita njia, huingia leo ili itoke kesho na faida yake. Husema, “Batu banasema mi napenda biashara. Kweli! Kitu yenye haitembee iko maiti.” Halafu yupo Kasongo, dereva wa zamani, asiyetaka kitu ila wanyama. Sarafu ya tembo huibusu. Ukimpa yenye uso wa mfalme anakurudishia kwa adabu na kusema, “Huyu hana mukia.”

Mimi napenda zilizochakaa, ambazo nyuso zake zimeliwa na vidole gumba vya watu hata hujui tena ni za nani. Wenzangu wananihurumia kwa ladha hiyo, nami nawashukuru.

Ndipo siku moja Mama Régine alipofika barazani, amebeba kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Ni mjane wa fundi wa reli. Alisikia kwamba hapo kuna watu wanaojua thamani ya pesa za zamani, akataka kujua kama za marehemu mumewe zina maana yoyote kabla hajawagawia watoto. Alizimwaga mezani. Yaya, ziling'aa kama vifungo vya bendi ya askari. Papa Ilunga alivua glavu zake kama mtu anavyovua kofia mbele ya jeneza.

Hapo naomba nikueleze, maana na mimi ilibidi nielezwe. Sarafu ya shaba ikikaa miaka mingi hujivika ngozi yake yenyewe, ya rangi ya kahawia, na wakusanyaji huipenda ngozi hiyo kuliko shaba yenyewe. Ukiisugua ikatoka, hairudi. Ndani ya kopo lile mlikuwa na faranga ya siku za Katanga iliyojitenga, ile yenye kichane cha ndizi, ambayo Papa Tshibangu alikuwa akiitafuta kwa mteja wake. Haikuwa na makovu ila yale ya mchanga.

“Mama,” akasema Papa Tshibangu, ameshika kichwa kwa mikono miwili, “ulizifanya nini hizi makuta?”

“Nilizisafisha, papa. Na ndimu, na majivu, na muchanga ya mulaini.”

“Ee Mungu wangu! Uliziua! Hizi zilishakufa zote!”

“Mwenye alikufa njo bwana yangu,” akajibu, bila kuinua sauti. “Hizi nilizisafisha tu.”

Akatueleza. Kwa mila ya ukoo wa mumewe, siku ya kuondoa matanga kila kitu alichokishika marehemu hutolewa uani, huoshwa mbele ya watu, ndipo hugawanywa. Waliosha viatu, kitanda, baiskeli na kikombe cha chai. Yeye akalikumbuka kopo.

“Bintu byote binaoga,” alisema, “hizi zibakie na kilio peke yake? Ningeziacha namna gani?”

Akaanza kuzirudisha koponi moja moja, ameinamisha uso, si kwa hasara bali kwa haya. Nilisimama, nikamvutia kiti, nikamwomba radhi kwa makelele yetu. Kisha nikamuuliza marehemu alizipanga vipi: kwa miaka, kwa nchi au kwa wanyama.

“Kwa siku,” akasema.

Alizipanga mezani mwenyewe. Ile faranga ya ndizi ilibaki siku ambayo baba wa marehemu alimnunulia kibao cha kuandikia, alipoingia shule. Moja ya siku za Zaïre ilibaki kwenye tikiti ya treni iliyomleta yeye, bibi arusi, kutoka Kabalo. Nyingine ilibaki kwenye mshumaa wa ubatizo wa kifungua mimba wao. Marehemu alikuwa na mazoea hayo maisha yake yote: ikija siku kubwa, hubakisha sarafu moja ya chenji, ili siku ile isitumike yote.

Kasongo akauliza kwa nini hakuna hata moja ya miaka ya karibuni.

“Pesa ikakuwa makaratasi tu,” akasema Mama Régine. “Tangu ya chuma iliisha, siku zetu zote zilienda. Hatukubakisha hata moja.”

Papa Ilunga aliingia ndani, akatoka na vijaluba vyake vipya vya plastiki, akaviweka mbele ya mama yule, na kusema tu kwamba zisizo na ngozi ndizo zinazohitaji nguo. Sikujua kwamba mtu yule anaweza kusema maneno kama hayo.

Nilirudi nyumbani kwangu, Yaya. Kikwembe cha Pauline, kitenge chake cha kujifunga, bado kinaning'inia nyuma ya mlango. Viatu vyake viko chini ya kitanda, kikombe chake kiko kabatini na alama ya chai ndani yake. Binti wa jirani anayenisaidia kufagia aliwahi kukiosha nusu, nikamnyang'anya. Unajua jinsi mambo yalivyokuwa. Tulimzika huku, ninyi hamkuweza kufika kwa sababu treni haikutembea, na shemeji Faustin akatuma neno kwamba tutaongea. Hatukuongea. Hakukuwa na ugomvi. Umbali ulifanya kazi yake, na mimi niliuachia. Hivyo mbele ya mila mimi bado nimo ndani ya kilio, na Pauline bado hajaruhusiwa kupumzika kutoka kwangu.

Mama Régine aliendelea kuja Jumapili. Husikiliza mabishano yetu na kucheka kwa mkono mdomoni. Papa Tshibangu hakuchelewa kunitania. “Papa Hilaire,” alisema mbele ya wote, “weye unakusanyaka makuta ao unakusanyaka bamama?” Niliona aibu kama mwanafunzi. Mama Régine akamjibu kwa niaba yangu, “Weye uza tairi yako, papa. Yeye anapendaka bintu byenye kuzeeka, njo maana anakubali kukaa karibu na weye.” Baraza lote lilianguka kwa kicheko, na Papa Ilunga alisahau kugeuza uso.

Nilipougua malaria, aliniletea uji siku mbili mfululizo, pamoja na mjukuu wake ili watu wasiseme. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akakiona kile kikwembe. Siku ya pili, homa iliponiachia, nilimwomba anisaidie kuosha vitu vya Pauline, kama alivyofanya kwa vya mumewe. Alikataa, na nakuandikia maneno yake jinsi yalivyotoka kinywani mwake:

“Hapana, papa. Mi hapana mutu wa kuosha bintu bya Mama Pauline. Bandugu yake njo bataosha. Na ile siku bataosha, mi sitakuya. Nitakuya nyuma ya ile siku.”

Nimeyapima maneno hayo kwa majuma mengi. Mwanamke anayejua mahali ambapo mkono wake haupaswi kufika, Yaya, ni mwanamke ninayetaka wewe umjue.

Kwa hiyo narudia ombi langu. Mbuzi, na kikwembe cha heshima cha kumpa mama mkwe, Placide amekubali kutuma pesa vinunuliwe huko huko Kalemie. Nilimweleza, akaniuliza mbuzi wa rangi gani. Mwambie shemeji Faustin kwamba sitafuti kumfuta dada yake. Nitakuja mwenyewe na vitu vyake vyote ndani ya sanduku, vioshwe mbele ya ukoo wake, nao wavigawe wapendavyo. Akikataa, nitalitii neno lake, ingawa kwa umri wetu neno “tutaongea” limekuwa refu sana. Na wewe ukiona kwamba mzee kama mimi anajiaibisha, niambie. Nitalipokea kutoka kwako, si kutoka kwa mwingine. Kuhusu kuzeekea Kalemie, naomba nisikujibu leo. Jibu hilo si langu peke yangu tena, au natumaini kwamba si langu peke yangu.

Nisalimie shemeji Faustin kwa heshima zote, na mama mkwe asiyeona tena lakini anayetujua kwa sauti. Nisalimie mjukuu wako mkubwa, fundi wa mitumbwi, na yule mdogo uliyempa jina langu. Naomba asirithi na uchelewaji wangu. Nisalimie katekista jirani yako, umwambie goti lililonisumbua sasa limepata mwenzake.

Anayekuletea barua hii ni Mama Régine mwenyewe. Binti yake aliyeolewa huko amejifungua, naye anapanda ndege uwanjani Luano keshokutwa. Alipita hapa kuniuliza kama nina kitu cha kumpelekea dada yangu, nikamjibu kwamba nina barua, na kwamba aje aichukue kesho. Mimi sijamtamkia neno la ndoa. Nisingeweza, nikiwa bado ndani ya matanga. Lakini bahasha sitaifunga. Mapadri walitufundisha kwamba barua unayomkabidhi mtu mkononi haifungwi, maana kuifunga ni kumwambia humwamini. Nitamwambia kwamba iko wazi, na kwamba akipenda kuisoma njiani, aisome.

Iwapo maneno haya hayatampendeza, barua hupotea sana katika safari za nchi yetu, na anayeibeba haulizwi. Sitamuuliza. Atakaporudi atakikuta kiti chake barazani, na mimi nitazungumza naye habari za sarafu. Lakini ikiwa wewe, Yaya, unaisoma sasa, na mama mmoja ameketi mbele yako akiangalia mikono yake, basi jibu lake nimekwisha kulipata. Limebaki lako.

Mdogo wako mtii,
Hilaire