Barua Chini ya Chapati

3 Desemba

Baba Mkwe,

Nagusa miguu yako. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, ni kuchoka tu.

Utashangaa kupata barua kutoka jikoni, hatua kumi toka kitandani kwako, tena chini ya chapati. Nifanyeje? Miaka minne nimeolewa na Jagbir, sijawahi kukufunulia uso wala kukusemesha, ndiyo desturi yetu. Jagbir yuko safarini na lori lake, na kwa simu ananijibu, "Mwambie Baba mwenyewe."

Ni kuhusu mwanangu Rimpi. Jana daktari wa mjini alimsikiliza kifua, mara ya tatu tangu baridi ianze, akauliza nani anavuta nyumbani. Nikasema hakuna. Niliona haya. Akanusa shela langu, akatikisa kichwa.

Mjukuu wako analala chumbani kwako, na humo hukka, kiko chenu cha maji, inawaka tangu asubuhi, wazee watano wameizunguka. Ana miaka miwili, Baba. Nakuomba itoke humo ndani.

Mkaza mwana wako,
Bimlesh

5 Desemba

Binti,

Uishi miaka mingi. Goti ni lile lile. Karatasi yako imelowa samli.

Nimelea wanne ndani ya moshi huo huo, mumeo mmojawapo, na leo anabeba magunia. Wewe unajua hukka ni nini hapa kijijini? Mtu akitengwa, kitu cha kwanza kunyimwa ni hukka. Nikikaa nje peke yangu na kiko changu, kesho watauliza Hoshiar kafanya nini. Nilikuwa sajini jeshini miaka ishirini, siulizwi maswali.

Lakini sina roho mbaya. Nitafungua dirisha, na nitavuta akishalala.

Baba mkwe wako,
Hoshiar Singh

11 Desemba

Baba,

Nagusa miguu yako. Nimeona leo umetembea bila fimbo, nimefurahi.

Asante kwa dirisha. Ukitoka tu, wageni wako wanalifunga kwa ajili ya baridi. Na akilala bado anapumua, Baba. Moshi unabaki kwenye mablanketi, na kwenye shali yako anayojifunika. Daktari kanieleza yote, maana safari hii nilisema kweli. Jana alikaa kwenye mashine ya mvuke saa nzima, mimi nimemshika tu.

Sina nguvu ya kugombana. Kesho kaka yangu anakuja kutuchukua, twende kwa mama. Unga uko kwenye pipa. Yule nyati mdogo wa maziwa anapiga mateke, mwachie jirani amkamue.

Mkaza mwana wako,
Bimlesh

28 Desemba

Binti,

Uishi miaka mingi. Rimpi anapumuaje? Nijibu hilo kwanza.

Nyumba imepoa. Mwenzangu wa hukka, Dhanpat, aliuliza mtoto yuko wapi, nikasema kaenda kumtembelea bibi yake, sikusema moshi wangu ndio umemfukuza. Kumbe na mimi najua kudanganya kwa haya.

Juzi nilibeba hukka mpaka nje ya geti, karibu na zizi. Dhanpat akanikuta. "We Hoshiar, nani kakutenga?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu. Ukitaka, kaa." Aliangalia kama kuna anayetuona, kisha akavuta kigoda. Wawili kati ya wale wengine hawajaja tena. Inaniuma, sikufichi.

Mablanketi nimefua mwenyewe bombani, wanawake wamenicheka mpaka wakachoka. Mgongo umekwisha. Rudini.

Baba mkwe wako,
Hoshiar Singh

5 Januari

Baba,

Nagusa miguu yako. Pole na mgongo.

Rimpi ana nafuu, hajapona. Daktari anasema kifua hiki tutakilinda miaka. Kila jioni anamlilia babu yake. Tunakuja Jumapili.

Mkaza mwana wako,
Bimlesh

12 Januari

Binti,

Uishi miaka mingi.

Leo asubuhi nimetoka kwenye hukka nikaingia uani, Rimpi akanikimbilia mikono juu. Nikainama. Nikasikia sauti jikoni: "Baba, shali."

Niligeuka kutazama mgeni ni nani. Miaka minne unanipikia, na sauti yako nilikuwa siijui.

Nimeivua shali nikaitundika nje, nikanawa mikono na maji ya baridi, ndipo nikambeba.

Usiniandikie tena. Barua ni za watu walio mbali, na macho yangu yamechoka. Ukiwa na neno, sema, hata ukiwa umejifunika. Nitasikia.

Baba yako,
Hoshiar