Oili Nyeusi Niliyoinyamazia

Kwa Mama Rispa, Asumbi,
Kaunti ya Homa Bay.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Gesare,

Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke hapo Mabera na begi moja. Hujambo? Goti lako la kulia linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Ng'ombe mwekundu amezaa au bado? Nimesikia kuku wa Millicent waliisha wote kwa ugonjwa. Poleni sana. Hapa Asumbi mvua imeanza kunyesha alasiri, na watu wamepanda.

Mimi niko hai. Mguu wa kushoto una nyuzi saba chini ya goti, lakini kidonda kinafunga, na sasa ninafika chooni bila fimbo. Usishtuke, nitakueleza.

Ninaandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako huwekwa spika na nyumba nzima ikasikiliza. Haya nataka uyasome peke yako, polepole, kama unavyosoma somo kanisani. Zablon, dereva wa lori, anapeleka nguzo za mashimo ya dhahabu Masara kesho, halafu anateremka Isebania. Atakuachia barua dukani kwa Kuruthum.

Shangazi, Millicent aliniambia wiki iliyopita kwamba mwanao Werema alikupigia simu akasema nimeharibu msumeno wa tajiri kwa uvivu, nawe ukajibu kwamba mtu wa namna hiyo hukumlea wewe. Maneno hayo yameniuma kuliko mguu. Mama alipokufa ni wewe uliyenichukua, nikalala na Werema mkeka mmoja. Sina nyumba nyingine. Kwa hivyo nisikilize mara hii moja, kisha uamue.

Unajua tunakata mikaratusi kwa Mahmud, mwenye yadi ya mbao mjini Homa Bay. Msumeno wake ni wa petroli, ule unaonguruma kama pikipiki. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kuushika, na Werema alibeba magogo. Kazi hiyo nilimwombea mimi, mwezi wa Machi, nikasema huyu ni ndugu yangu, mkimpa kazi mmenipa mimi.

Nilimfundisha kila kitu. Msumeno una midomo miwili, mmoja wa petroli na mwingine wa oili ya mnyororo, na ukijaza huu lazima ujaze na ule. Oili hupita kwenye tundu dogo hadi kwenye mfereji wa kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka. Isipofika, chuma huungua kikawa cha bluu, na mnyororo ukaning'inia kama mshipi kiunoni mwa mtu aliyekonda. Asubuhi, kabla ya mti wa kwanza, unaelekeza ncha kwenye kisiki kipya cheupe, unavuta kamba kuuwasha na kuhesabu hadi kumi. Ukiona mstari wa oili umejichora kwenye kisiki, fanya kazi. Usipouona, zima, safisha tundu, anza tena. Jioni nilinoa kwa tupa, jino baada ya jino, kisha nikakigeuza chuma juu chini ili kisiliwe upande mmoja.

Werema alikuwa akinicheka. "Wewe Gisiri, msumeno umeuogesha, umeupaka mafuta. Sasa si uufunge nepi?" Hata mimi nilicheka. Nilijua ananipenda.

Jumapili ya mwisho ya Agosti aliniomba msumeno. Kuna binti huko Rangwe anayeitwa Joyline, Werema anataka kumwoa, na mti ulikuwa umeangukia zizi la baba yake. Msumeno haukuwa wangu wa kuazimisha, nami niliuazimisha. Hilo ni kosa langu, sikufichi. Nilimwambia achukue kidumu cha oili. Alikiacha nyuma ya mlango. Oili ilipomwishia hakutaka kurudi mbele ya wakwe, akaenda kwa fundi wa bodaboda akapewa ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini, yenye unga wa chuma na mchanga.

Jumatatu lori lilikuwa linangoja na tulikuwa tumechelewa. Nilipotaka kupima kwenye kisiki, Werema akasema, "Nimeshapima, fundi. Mstari umetoka mzuri." Nikamwamini. Mti wa pili, moshi. Kabla sijazima, mnyororo ukakatika, ukarudi ukanichana mguu.

Ni yeye aliyenibeba mpaka zahanati, sitamnyima hilo. Huko kitandani ndipo aliponieleza habari ya bodaboda. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Oili ni oili, bwana. Nilijua wapi?" Halafu akalia. Akaniapia kwamba Mahmud akija atasema mwenyewe.

Mahmud alikuja saa kumi na moja. Alikuwa ameshafungua tangi. "Gisiri, nyeusi kama lami! Nani ametia hii kitu?"

Werema alikuwa amesimama mlangoni. Shangazi, wewe ndiye uliyetupikia uji tulipokuwa tunapona, mimi na yeye, tuliotahiriwa siku moja. Unakumbuka tulivyoambiwa, kwamba hata ukikatwa, mwenzako wa siku ile humtaji mbele ya mgeni, unamwachia ajitaje. Basi nikanyamaza. Nilikuwa nampa nafasi yake.

Akaichukua. Akasema, "Bosi, mimi nilimkanya. Huyu hasikii la mtu, anataka kubana oili."

Mahmud alinigeukia tena. Si mtu wa kwetu, angejuaje? "Gisiri, mwaka mzima nimekuamini. Huna hata neno moja?" Nilikuwa namtazama Werema, nikidhani atacheka aseme ni mzaha. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mahmud akaona kimya changu kuwa ndiyo. Akalipa zahanati, akasema nikipona nitafute kazi kwingine.

Sasa Werema ndiye fundi, ana msumeno mpya. Juzi alikuja hapa kwa Mama Rispa, ninakokaa, kuchukua tupa. Nikampa. Alipofika mlangoni akageuka nusu, akauliza bila kunitazama, "Ile ya kunoa, unaanza na meno ya upande gani?" Ningeweza kumfukuza. Nilimwonyesha, nikamwambia pia asisahau kisiki, kwa sababu ana miguu miwili kama mimi na yote miwili ni ya mwanao. Hakusema asante.

Simpi laana, na sikuombi umpe. Nimechoka tu. Kama angeniambia anaitaka kazi yangu, labda ningemwachia. Lakini alisubiri ninyamaze kwa ajili yake, kisha akakitumia kimya hicho kuniangusha. Akikupigia tena, muulize jambo moja tu: Jumapili ile kidumu cha oili kilikuwa wapi? Wewe unaijua sauti yake akidanganya. Mimi nilidhani naijua.

Nisalimie Millicent, mwambie asinunue vifaranga mpaka banda lipigwe dawa. Nisalimie Baba Maranga na masikio yake mazito, na mzee Cephas wa kinu cha kusaga unga. Mungu akutunzie goti hilo na macho ya kusomea, na nyumba yako isikose maziwa.

Nyuzi zitatolewa mwisho wa mwezi huu. Nitasafiri Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, na kabla ya saa kumi jioni nitakuwa hapo Mabera. Sitaingia moja kwa moja kama zamani. Nitasimama langoni na kupiga hodi kama mgeni, nikusikie wewe utakavyojibu.

Ni mimi niliyekula mkononi mwako, na ninakupenda bado,
Gisiri.